Shati la Mtu Halishikwi

Kituo cha reli cha Kilosa, siku ya treni ya Mikumi, hakikuwa mahali pa mtu kusoma barua. Kuku waliofungwa miguu walilia chini ya magunia, wauza miwa walipitisha mikono madirishani, na askari wa reli alikuwa ameshafoka mpaka sauti imekauka. Lakini katikati ya mlango wa behewa la daraja la tatu alisimama kijana mrefu, kaki zake za JKT zimepauka, anasoma barua kama yuko sebuleni kwao.

"Kaka, toka mlangoni! Bati halina macho!"

Hakutoka. Bati likampita pajani, likaipasua suruali yake kutoka mfukoni mpaka gotini.

Aliyeshika bati ni Yunis, opereta wa simu katika posta ya Kilosa. Mwaka ule wa 1970 alikuwa na miaka ishirini, mwembamba, mkali wa maneno, amevaa gauni la maua ya manjano lililopigwa pasi likanyooka. Alikuwa akipeleka mabati manne kwa mama yake, Costancia, milimani Vidunda, ili aondokane na nyumba ya nyasi.

"Dada, umenichania suruali ya taifa," kijana akasema, akiziba paja kwa ile barua.

"Nimekwambia toka. Ulikuwa unasoma nini, barua ya mahari?"

"Ya chuo. Serikali inanipeleka Ulaya miaka minne."

"Ukasomee nini?"

"Uhandisi na uongozi wa kazi."

Yunis akaliweka bati chini, akacheka. "Uhandisi naujua. Uongozi naujua. Vyote viwili kwa mtu mmoja, huo si ulafi?"

"Si ulafi. Mhandisi anaongea na chuma, meneja anaongea na karatasi, na wao wawili hawaelewani. Kiwanda kinakufa katikati yao. Mimi nitakaa hapo katikati."

"Kwa hiyo utakuwa bosi mwenye grisi mikononi."

"Umenena."

"Basi, Bosi Grisi, shika upande huo wa bati tuanze uongozi."

Yunis alikuja kuyapakia tu, hakuwa na ruhusa ya kazini ya kusafiri siku hiyo. Kijana, jina lake Cleopa, alikuwa anakwenda Mikumi kumuaga mjomba wake, akakubali kuyafikisha mabati kwa mdogo wake Yunis, Melkizedek, ambaye angeyapokea pale na kuendelea nayo milimani. Kesho yake alirudi, akaja posta na suruali iliyofungwa kwenye gazeti. Yunis akaishona kwa uzi mweusi, maana kaki hakuwa nao. Cleopa akaivaa hivyo hivyo wiki sita, mshono mweusi pajani, akiwaambia watu kwamba ni alama ya bati lililomchagua.

Wiki sita hizo ziliwatosha. Walikunywa chai kwenye hoteli ya sokoni, wakatembea kando ya reli jioni jua likiwa bado juu, wakagombana kuhusu nani alimwona mwenzake kwanza. Kabla ya kuondoka Cleopa alimtuma mjomba wake milimani na barua ya posa. Mama Costancia aliisikiliza ikisomwa, akajibu kifupi: "Mchumba wa karatasi simjui. Aende, arudi, nimwone akiwa na miguu."

Miaka minne ilikuwa ya barua. Yunis alizifunga kwa utepe wa posta na kuziweka chini ya godoro. Mwaka wa kwanza na wa pili zilikuwa za malalamiko: hesabu, michoro, nguvu za vyuma, umeme, baridi, supu isiyo na chumvi. Mwaka wa tatu mtu akabadilika ndani ya karatasi. Alianza kuandika juu ya kupanga kazi, ratiba za matengenezo, sheria za kazi, namna ya kukijua kiwanda kwa kusimama kimya saa nzima na kutazama mikono ya watu. "Tuko kumi na wawili kutoka nchi saba," aliandika. "Mzambia anarudi kwenye migodi ya shaba, Mghana anakwenda bandarini. Mtu wa somo hili anawekwa popote penye chuma na watu: kiwandani, relini, kwenye ujenzi wa mabwawa. Nchi yetu wa aina hii hawajai hata kiganja. Mpenzi, nikirudi kazi ndiyo itakayonitafuta."

Barua nyingine Yunis aliisoma mara moja tu, akaikunja, maana haikuwa na neno la mapenzi hata moja. Hiyo tutairudia.

Cleopa alirudi Septemba 1974, na kweli kazi ilimtafuta. Ana miaka ishirini na sita, hajamaliza hata wiki mbili nyumbani, akawekwa naibu meneja wa shamba la mkonge la Mbamba, nje ya Kilosa, watu mia sita chini yake. Alikuwa ametia saini mkataba wa kuitumikia serikali miaka mitano popote itakapomtuma, na kutumwa karibu na mchumba aliona ni bahati ya mtende.

Simu ya ofisini kwake ilipita kwa Yunis.

"Kilosa. Namba tafadhali."

"Nataka opereta mwenye sauti ya asali."

"Huyo ana mchumba, bwana."

"Mchumba gani?"

"Mmoja hivi. Ana digrii, lakini suruali yake inafagia barabara."

"Hiyo ni bugaluu, kipenzi. Ndiyo mtindo."

"Vijana wa TANU wakikukamata wataigeuza kaptula. Toka kwenye laini, Morogoro wananisubiri."

"Niambie kwanza."

"Nikwambie nini?"

"Unajua."

Yunis aliinamia ubao wa simu, akaficha mdomo kwa kiganja ili mwenzake wa kiti cha pili asisikie. "Nakupenda, Bosi Grisi. Sasa toka."

Harusi ilipangwa baada ya Pasaka. Nyumbani mambo hayakuwa mazuri, maana Operesheni ya vijiji ilikuwa imemteremsha Mama Costancia kutoka milimani kwa lori, yeye, sufuria zake na yale mabati manne, ikammwaga Mikumi kando ya barabara kuu. Alijengewa kibanda na Melkizedek kwa siku za Jumapili. Mama hakuwa amewahi kuishi mahali ambapo magari yanapita. Kila lori likipita alinyamaza mpaka limalize.

Melkizedek naye alikuwa ameajiriwa Mbamba, fundi msaidizi kwenye mashine kubwa ya kukwangua mkonge, ile ambayo wafanyakazi waliiita korona. Ilikuwa dubwana la chuma lenye magurudumu mawili ya visu. Majani ya mkonge yanaingia mabichi upande huu, yanatoka singa nyeupe upande ule, na uchafu wake unanuka kama pombe iliyochacha. Nyuzi zilipojisokota kwenye ekseli, mashine ilizimwa na fundi akaingia ndani na kisu kuzikata.

Jumapili moja Februari walikula ugali na mlenda chumbani kwa Yunis, watatu.

"Dada, huyu bwana wako akiingia kiwandani ni kuandika tu," Melkizedek alisema. "Akiona boliti, anaandika. Akiona mtu amekaa, anaandika. Juzi Mzee Kondo kapiga chafya, kaandika."

"Ile chafya ilikuwa ya dakika tatu, shemeji," Cleopa akajibu. "Nimeiweka kwenye ripoti."

Walicheka. Kisha Cleopa akasema, "Lakini yale mashati lazima yatoke. Wageni wa wizara wanakuja mwezi ujao. Meneja Vitalis anasema kiwanda cha taifa kinaonekana kama kamba ya dobi."

"Mashati gani?" Yunis akauliza.

Melkizedek ndiye aliyeeleza. Pale korona, fundi anayeingia ndani huvua shati lake na kulitundika kwenye hendeli ya kuwashia. Shati likiwa pale, mashine haiwashwi, hata meneja akija na bastola. Fundi akitoka, analichukua mwenyewe. Hakuna anayeligusa shati la mwenzake. "Shati la mtu halishikwi," alisema. "Ndiyo sheria, haijaandikwa popote."

"Na mtu akisahau shati lake pale, zamu nzima inalala. Nimeona," Cleopa alisema. "Nimeleta kadi za bati zenye namba. Fundi anatundika kadi yake kwenye ubao karibu na mlango wa ofisi, mwashaji anatazama ubao kabla ya kuwasha. Kila kitu kinaonekana, kila kitu kina rekodi. Mfumo huu uko dunia nzima."

"Mzee Kondo anasema hapana."

"Mzee Kondo anasema hapana hata kwa sabuni. Wewe ndiye utakayenisaidia, shemeji. Wakikuona wewe unatii, watatii wote."

Melkizedek aligonga kiganja cha Cleopa. "Mimi nitatii, bosi. Kadi yako namba ngapi?"

"Yangu haipo. Chukua kumi na saba."

Yunis aliwatazama wakicheka, akaongeza mlenda. Kichwani mwake kulikuwa na kitu kinataka kukumbukwa, kama jina la mtu uliyekutana naye mara moja. Hakukiandama.

Jumatatu mbili baadaye mashati yalipigwa marufuku.

Alhamisi ya wiki hiyo hiyo, saa nne kasorobo asubuhi, taa ya Mbamba ikawaka kwenye ubao. Yunis akachomeka waya.

"Kilosa. Namba tafadhali."

"Dar es Salaam. Ofisi kuu. Haraka."

"Leo Bosi Grisi hana salamu?"

"Yunis, niunganishe tu."

Hakuwahi kuisikia sauti ile. Akamwunganisha. Kanuni ya kazi ilimtaka opereta atoke kwenye laini mara watu wanapoanza kuongea, na kwa miaka sita Yunis hakuwahi kuivunja. Siku hiyo mkono wake ulikataa kuachia swichi.

"Ndiyo, mzee, ni ajali," Cleopa alikuwa akisema. Nyuma yake mtu mwingine alikuwa akimnong'oneza maneno, na Cleopa akiyarudia moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. "Korona namba moja. Amefariki palepale. Fundi msaidizi… Melkizedek. Ndiyo. Hapana, mzee. Hakutundika kadi. Ubao ulikuwa mtupu. Kosa… kosa ni la marehemu mwenyewe."

Mwenzake wa kiti cha pili alisimulia baadaye kwamba Yunis hakulia. Aliuvua ule mkanda wa masikio, akauweka taratibu juu ya meza, akatandaza mikono juu ya ubao wa simu, na taa zote zikawaka chini ya mikono yake bila mtu kuzijibu.

Walimzika Mikumi. Sanduku lilipigiliwa misumari shambani na halikufunguliwa tena. Mama Costancia aliomba amwone mwanawe uso, wanaume wakatazama chini, akaelewa. Ng'ambo ya ukuta malori ya barabara kuu yalipita yakitikisa mabati.

Cleopa alikuja siku ya mazishi amevaa kaunda suti nyeusi. Alipiga goti mbele ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

Mama Costancia alimtazama kama mtu anavyotazama ukuta. Wanawake wakaacha kuomboleza ili wasikie. Huko kwetu salamu ya mtoto haikosi kuitikiwa, hata na mgonjwa, hata na mwenye ugomvi. Mama hakuitikia. Cleopa akarudia, sauti imeshuka. Mama akageuza uso. Kijana akainuka, magoti yana vumbi, akaondoka katikati ya watu wanaompisha.

Siku ya tatu ya matanga akaja Mzee Kondo, fundi mkuu wa korona, kofia yake ya kitambaa mkononi. Alikaa nyuma ya nyumba na Yunis, akakataa chai.

"Binti, mimi nimefanya kazi mkongeni miaka ishirini na tisa. Sijui kusoma vizuri, lakini kumi na saba naijua. Kadi ya mdogo wako ilikuwa kwenye ubao. Niliiona kwa macho haya."

"Yeye amesema ubao ulikuwa mtupu."

"Ulikuwa mtupu baada ya Vitalis kupita. Aliichukua, akaitia mfukoni. Na bwana wako alikuwa amesimama hapo, anatazama."

"Nani aliyewasha?" Yunis akauliza.

"Mwashaji ni Makarius. Usimlaumu, hajala tangu siku ile. Kazi ile ameifanya miaka kumi na mmoja, na miaka yote hiyo jicho lake limefundishwa kitu kimoja: hendeli. Akaja zamu yake, akatazama hendeli, hakuna shati. Akawasha. Nani alikumbuka ubao wa siku nne, hatua arobaini kutoka pale? Mdogo wako ndiye pekee aliyefuata amri sawasawa." Mzee akaigeuza kofia mkononi. "Unajua shati lilianzaje? Lilianza na ndugu yangu, enzi za mzungu. Alikuwa ndani, mzungu akawasha kwa sababu ya haraka. Tulipomtoa, shati lake lilikuwa limetundikwa msumarini, zima, halina hata tone. Toka siku hiyo tukaanza kulitundika kwenye hendeli. Kijana wenu hakuniuliza. Angeniuliza ningemwambia."

Ndipo Yunis alipokumbuka.

Alipanda treni kurudi Kilosa, akafunga mlango wa chumba chake, akanyanyua godoro. Ile barua ya mwaka wa tatu isiyo na neno la mapenzi ilikuwa chini kabisa. Aliisoma amesimama. Kisha akatembea kwa miguu mpaka Mbamba, mwendo wa saa mbili juani katikati ya safu za mkonge, kanga ya msiba bado kiunoni.

Cleopa alikuwa ofisini peke yake. Alikuwa hajanyoa. Ukutani nyuma yake digrii ilining'inia kwenye fremu ya mninga, na mezani kulikuwa na ripoti ya ajali imepigwa taipu.

"Yunis. Nimepiga posta kila siku. Wanasema hupo."

"Nimekuja kukusomea."

"Kaa kwanza, mpenzi."

"Usiniite hivyo." Akaikunjua barua. "'Leo tumefundishwa jambo ambalo sitalisahau. Kabla hujaondoa desturi ya wafanyakazi, uliza imezaliwa na kifo cha nani. Na ukileta utaratibu mpya, ziache njia zote mbili zitembee pamoja miezi mitatu, mpaka macho ya watu yazoee. Nimeandika insha juu ya hili, nimekuwa wa kwanza darasani.'" Akaiweka juu ya ripoti. "Mwandiko wa nani huu?"

Cleopa aliitazama barua bila kuigusa.

"Wa kwanza darasani," Yunis akarudia. "Ulijua, Cleopa. Mimi sikuenda Ulaya na nilikuwa nalala juu ya jibu. Wewe ulikuwa nalo kichwani."

"Wageni walikuwa wanakuja. Vitalis alitaka mashati yatoke kabla ya wiki kwisha. Nikasema miezi mitatu, akasema hapana. Nikanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa, nilinyamaza tu."

"Na kadi?"

Nje korona ilikuwa ikinguruma, maana ilishawashwa tena siku moja baada ya ajali.

"Niliiona," akasema. "Kumi na saba. Ilikuwa inacheza kidogo kwa upepo wa mkanda. Vitalis akaniambia: chagua, ama marehemu amekosea, ama wewe umekosea; marehemu hana kazi ya kupoteza. Yunis, nina miaka ishirini na sita. Nilisema neno moja, la pili likalifuata."

"Ulilisema masikioni mwangu. Nilikuwa kwenye laini."

Cleopa akafunika uso kwa mikono miwili. Kwa miaka minne Yunis alikuwa ameingoja mikono ile, na hata sasa kitu ndani yake kilitaka kuishika. Hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

"Sikiliza," alisema. "Mdogo wangu alikutii kuliko mtu yeyote hapa, na umeandika kwamba amekufa kwa ukaidi. Mama yangu anaambiwa na majirani mwanawe alikuwa mzembe. Mimi sikuombi urudishe mtu. Nakuomba umrudishie jina lake. Ukishindwa, usinipigie simu mpaka ufe."

"Nikisema, wataninyang'anya kila kitu. Hii kazi, cheo, yote niliyosomea."

"Hujasomea cheo. Uliniambia unakwenda kusomea kukaa katikati." Akachukua barua yake, akatoka.

Siku nne taa ya Mbamba haikuwaka kwa mkono wa Cleopa. Karani alipiga, mhasibu alipiga, Vitalis alipiga akitaka Tanga. Yunis aliwaunganisha wote kwa sauti ile ile. Siku ya tano, saa tano asubuhi, taa ikawaka.

"Kilosa. Namba tafadhali."

"Dar es Salaam. Ofisi kuu." Alikuwa anapumua kama aliyepanda mlima. "Na opereta asitoke kwenye laini."

"Kanuni hairuhusu."

"Najua. Asitoke."

Yunis akachomeka waya. Mzee wa ofisi kuu akapokea, mchangamfu, akaanza kuuliza habari za mvua.

"Mzee, ripoti ya Mbamba ni ya uongo," Cleopa alimkata. "Fundi Melkizedek alitundika kadi. Namba kumi na saba. Niliiona mwenyewe. Iliondolewa baadaye."

"Wewe, unajua unasema nini?"

"Najua. Aliyeondoa mashati kwenye hendeli ni mimi. Amri niliisaini mimi. Niliwapa wafanyakazi siku nne kusahau kitu cha miaka ishirini, na nilikuwa nimefundishwa kwamba haiwezekani. Marehemu hakukosea chochote. Naomba iandikwe hivyo na mama yake apelekewe. Nimeiandika pia kwa barua, nakala nimempa polisi."

Upande wa Dar es Salaam ukasikika mlio wa simu kukatwa. Walibaki wawili kwenye laini.

"Yunis, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi."

"Basi," alisema, akachomoa waya kwa sababu Morogoro walikuwa wanasubiri, na kwa sababu hakutaka Cleopa amsikie akilia.

Haki ya nchi ilitembea kwa mwendo wake. Polisi walimhoji Cleopa siku tatu, faili likapelekwa Morogoro, likakaa huko. Vitalis alisema hakuwahi kuona kadi yoyote, na baada ya mwezi alihamishwa, cheo kimepanda. Mashati yalirudi kwenye hendeli bila mtu kutoa amri. Cleopa hakufukuzwa, maana mkataba wa miaka mitano ulikuwa ungalipo na serikali haitupi mtu iliyemlipia masomo. Alivuliwa unaibu meneja, akapelekwa kiwanda cha kuchambua pamba mbali upande wa Shinyanga, fundi wa kawaida, chini ya msimamizi aliyeishia darasa la saba. Mama Costancia alipata barua yenye mhuri: marehemu hakuwa na kosa. Alimwomba Yunis amsomee mara tatu, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia.

Kabla ya kusafiri Cleopa alikuja Mikumi. Alipiga goti palepale.

"Shikamoo, mama."

Mama alikuwa akipepeta mchele. Ungo haukusimama. Cleopa akangoja mpaka punje zote zimeingia kwenye sufuria, akainuka, akaaga, akatoka.

Yunis alimsindikiza kituoni. Treni ya Kilosa ilikuwa imeshafika, watu wanasukumana na magunia yao. Cleopa alikuwa na sanduku moja tu. Suruali haikuwa bugaluu. Alikuwa amevaa kaki ya zamani, na pajani ule mshono mweusi.

"Umeitoa wapi hiyo?" Yunis akauliza.

"Sikuwahi kuitupa."

"Imekubana."

"Nimenenepa kwa supu za Ulaya." Akajaribu kutabasamu, ikashindikana. "Sitakuuliza kama utanisubiri. Sina haki. Nataka tu ujue, kule nitafanya nilichosomea, hata kama mkononi nina spana tu. Nitawauliza wazee kwanza."

"Uwaulize."

"Naweza kuandika?"

"Posta haimkatazi mtu."

Treni ikapiga honi. Cleopa akapanda, akasimama mlangoni akimtazama, sanduku mkononi, nyuma yake mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya akamsukuma. "We kaka, toka mlangoni!"

Yunis nusura acheke. Badala yake akanyoosha mkono.

"Vua shati."

"Nini?"

"Vua shati, Cleopa. Treni inaondoka."

Alilivua mbele za watu, akabaki na fulana yenye tundu begani. Mwenye nyanya akaguna. Shati lilikuwa jeupe, kola imeanza kulika, lina joto lake bado. Yunis akalikunja mara mbili.

"Sijasamehe," alisema. Magurudumu yalishaanza kuzunguka, akawa anatembea kando ya behewa. "Usije ukajidanganya. Nalitundika tu."

Cleopa alifungua mdomo, lakini alilokuwa akitaka kusema lilimezwa na honi ya pili.

Nyumbani Yunis alilitundika kwenye msumari wa ukutani nyuma ya mlango, chini ya yale mabati manne. Mama alikuwa akichochea moto.

"La nani hilo?"

"La Cleopa."

Mama Costancia alichochea moto mpaka ukashika vizuri, kisha akaufunika kwa sufuria. Kesho yake Yunis alirudi kazini Kilosa, mama hajalitaja tena.

Alipokuja tena mwisho wa mwezi, mama alikuwa amepiga udongo mpya nyumba nzima. Vyungu, ungo, nguo za Melkizedek, picha ya kanisani, vyote vilikuwa vimeteremshwa na kupangwa uani ili ukuta ukauke. Yunis akasukuma mlango. Ukutani nyuma ya mlango udongo mpya ulikuwa umepakwa kwa uangalifu kuzunguka umbo la shati, juu, chini na pembeni, na shati lilikuwa palepale kwenye msumari wake.

"Nilikuta lina mwenyewe," mama alisema kutoka uani, akaendelea kuosha mikono.